Paja Lililosahau Kazi

Ukisoma haya, soma ukiwa umekaa, mguu unaouma umeunyoosha mbele. Nami nimeyaandika hivyo hivyo, juu ya mkeka, mgongo ukutani, kwa sababu hata leo nikikunja goti kwa muda mrefu linanikumbusha kwamba bado lipo. Sijapona kama wanavyopona wale wanaosimama kutoa ushuhuda. Nimepona kiasi cha kufanya kazi zangu na kupata usingizi, na kwa aliyepita nilikopita mimi, hicho si kidogo.

Naitwa Koleta. Naishi Kamuli, huku Kyerwa, na mume wangu Novatus na watoto wetu. Kibanja chetu, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kimekaa ubavuni mwa kilima. Nyumba iko juu, maji yako chini. Mwanamke aliyeolewa hapa anaanza kushuka na kupanda tangu siku anayofika, na mimi nilishuka na kupanda miaka yote bila kuliwaza goti. Nani huliwaza goti lisilouma?

Lilianza msimu wa senene, wale panzi tunaowala mwisho wa mwaka. Nilikuwa nashuka na ndoo tupu, wala si kupanda na iliyojaa, na hilo ndilo lililonishangaza. Goti la kushoto likachoma kwa mbele, chini ya kile kifupa cha mviringo, kisha mguu ukalegea ghafla nikajikuta nimekaa kwenye majani ya migomba. Nilicheka. Nilidhani nimeteleza. Kesho yake nikateleza tena mahali pakavu, na safari hiyo sikucheka.

Mwanzoni nilifanya anayofanya kila mtu. Nilinunua vidonge vya maumivu dukani, vikanituliza mpaka jioni. Jirani akanikanda kwa majani aliyoyapasha motoni. Nikafunga goti kwa kitambaa cha kanga, nikakikaza mpaka vidole vya mguu vikafa ganzi. Na kila aliyepita uani akiniona nachechemea aliniambia neno moja: pumzisha mguu. Binti yangu mkubwa, Jeska, akachukua ndoo. Novatus akaanza kukata mikungu na kuibeba mwenyewe hadi jikoni, wanaume wenzake wakimtania njiani kwamba ameolewa. Walinipenda, siwezi kusema vinginevyo. Waliniondolea kila kazi ya mguu ule, nami nilishukuru kila walichoniondolea.

Goti likazidi. Kuvimba halikuvimba sana, ila lilikuwa halitabiriki. Nilikuwa nikiinuka kutoka kwenye kigoda nashika ukuta, nikishuka ngazi ya mlango nashuka kwa ubavu kama kaa. Kanisani wenzangu walipopiga magoti mimi nilibaki kwenye benchi nimeinamisha kichwa, nikijua kwamba nyuma yangu kuna watu wanaonitazama mgongo. Mungu sikumwogopa, maana goti langu analijua. Niliyemwogopa ni mama mkwe.

Mama mkwe wangu, mama Paskazia, anaishi Kibingo kwa mdogo wake Novatus, na huja kwetu kila anapopata wa kumpakia kwenye pikipiki. Ni mwanamke mkavu, ana fimbo, na maneno yake ni machache. Sasa kwa aliyekulia kwingine nieleze: kwetu huwezi kumsalimu mama mkwe umesimama. Unapiga magoti, yote mawili, kwenye nyasi kavu tunazotandaza sakafuni, unaamkia, unangoja uitikiwe, ndipo unainuka. Hakuna aliyeliandika popote. Ni kama kunawa kabla ya kula, asiyefanya anaonekana.

Alikuja baada ya Krismasi. Siku hiyo goti lilikuwa limeamka vibaya. Nilimkuta ameshaingia, amekaa, nami nikainama nikiwa nimeshika mwimo wa mlango.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alizitazama nyasi pale chini ambapo nilipaswa kuwa, akazitazama kwa muda, halafu akamgeukia mwanawe.

"Novatus, mkeo amerefuka siku hizi."

"Anaumwa goti, mama."

"Sisi tulipiga magoti na mimba tumboni. Tulipiga magoti na mizigo ya kuni tumetoka kuitua mlangoni. Magoti yalikuwa yanauma tangu zamani."

Chakula nilichompikia hakukigusa. Ndizi na maharage vikapoa mbele yake, akaomba apelekwe barabarani. Pale mlangoni akasema hatarudi katika nyumba ambamo mwanamke anamtazama kutoka juu. Hakufoka. Angefoka ningepata pa kushika.

Mume wangu hakunitetea, na hilo ndilo lililonichosha kuliko goti. Baada ya siku kadhaa akaniuliza, akiwa amenipa kisogo, "Si ungepiga hata moja tu?" Nikamjibu maneno ambayo siyaandiki hapa. Tangu hapo tukawa tunazungumza kuhusu mbuzi na ada za shule tu. Nami nilikuwa najua kinachoendelea. Mama mkwe akishasema kitu Kibingo, kinafika Kamuli kabla ya chai. Nilikuwa mke mwenye kiburi. Nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, nikaizalia watoto, nilikuwa naipoteza kwa sababu ya kifupa kimoja.

Basi nikajifundisha ujanja. Nilipokwenda kwao Pasaka kuomba radhi, nilipiga goti la kulia, la kushoto nikalinyoosha pembeni na kulifunika kwa kitenge, halafu nikainuka kwa kujisukuma na mikono juu ya kigoda. Mama mkwe aliitikia "marahaba" ya kumjibu mpita njia. Aliona. Ila mimi nilirudi nyumbani nikijisifu, na nikauendeleza ujanja ule kwenye kila jambo. Nilipanda kwa kulia, nikashuka kwa kulia, nikainuka kwa kulia. Nilikuwa hodari kabisa wa kuuficha mguu wa kushoto usionekane na kazi.

Ni Jeska aliyegundua. Alikuwa ananimwagia maji mgongoni, akaacha kumwaga, akasema, "Mama, mbona paja lako hili limekuwa dogo?" Nikatazama. Nilikuwa nalikanda goti kila siku, lakini macho yangu hayakuwahi kupanda juu yake. Pale ambapo paja la kulia lilikuwa limejaa, la kushoto lilikuwa limebonyea, ngozi imelegea imelala. Nililia, tena kwa sauti, mbele ya mtoto. Nilidhani mguu unakufa.

Masika yalikuwa yanakaribia kwisha nilipokwenda hospitali, kule Nyakahanga. Safari ya bodaboda na goti lisilokunjika ni adhabu. Nilikaa nimeunyoosha mguu nje, na dereva akaniambia, "Mama, huo mguu tukikutana na lori tuuwekee taa." Nilicheka njia nzima, na ukitaka kujua rehema ndogo ni kitu gani, ni hiyo.

Halafu kungoja. Nimekaa kwenye benchi la hospitali mwaka huo zaidi kuliko nilivyokaa kanisani. Kungoja kadi, kungoja daktari, kungoja picha ya goti, kungoja anayeisoma picha. Benchi la mbao linalikunja goti pale pale lisipopenda, nawe huwezi kunyoosha mguu kwa sababu watu wanapita. Pembeni yangu alikaa mwanamke mnene kidogo, mcheshi, Spesioza, anayefanya vibarua vya kubeba kahawa. Wazazi wake walitoka Burundi. Yeye magoti yalimuuma yote mawili.

"Dada, nyoosha," akaniambia. "Atakayejikwaa atatusalimia."

Akafungua jani la mgomba, ndani mna ndizi za kuchemsha na karanga, akanigawia nusu bila kuniuliza jina. Nikamweleza habari za mama mkwe. Akatafuna, akafikiri.

"Mimi sipigi magoti tena hata kwa Mungu. Nikipiga atanisubiri niinuke mpaka jioni."

Picha ilipotoka daktari akasema mifupa si mibaya, nimpelekee karatasi mtu wa mazoezi ya viungo. Nikakasirika. Nilikuja kutafuta sindano. Nimepoteza siku, nimekaa juu ya pikipiki mpaka kiuno kimekufa, halafu mazoezi? Nilipoingia chumba kile nikamkuta binti mdogo kuliko nilivyotarajia, Editha, amekunja mikono ya koti jeupe, na hasira yangu yote nikamtwisha yeye.

"Mwanangu, mimi ni mkulima. Maisha yangu yote nimelima, nimeteka maji, nimepalilia. Mazoezi gani tena unataka kunipa?"

"Shikamoo mama," akasema kwanza. Nikaona aibu, nikaitikia. Akaniambia nipande kitandani, ninyooshe miguu yote. Akaweka vidole vyake juu kidogo ya goti la kulia, upande wa ndani. "Kaza paja." Nikakaza, pakainuka pakawa pagumu. Akahamia kushoto. "Kaza na hili."

Nikakaza. Nilikaza meno, nikakaza tako, nikakaza mpaka vidole vya mikono. Pale chini ya vidole vyake hapakutikisika kitu. Ulikuwa mguu wangu, nauona, nauamuru, nao umenilalia pale kama wa mtu mwingine. Sijawahi kupata hofu kama ile, hata uzazi haukunitisha hivyo.

"Umekufa?" nikauliza.

"Haujafa. Paja limelala, mama. Goti linapouma paja linaogopa, linaacha kufanya kazi. Nawe ukazidi kulipumzisha, likasahau kabisa. Sasa goti linabeba peke yake mzigo uliokuwa wa wawili, ndiyo maana linalia. Nawaona wanawake wengi hapa wako hivi."

"Waliniambia nipumzike."

"Walikupenda," akasema.

Akakunja kanga yangu duara, akaiweka chini ya goti, akaniambia niikandamize, nihesabu pole pole, niachie. Nikandamize hata kama haliitiki. Nipeleke akili pale. "Utaliita mpaka lisikie," akasema. Hiyo ndiyo dawa niliyorudi nayo Kamuli. Kanga niliyokwenda nayo.

Wewe unayeanza mazoezi haya, nikwambie ukweli: hakuna kazi inayochosha kama kazi isiyoonekana. Ukilima unaona tuta. Mimi nilikaa kwenye mkeka mchana kweupe, nakandamiza kanga, na hakuna kilichobadilika. Watoto walinicheka. Jirani akapita, akaona, na habari ikafika Kibingo kwamba mke wa Novatus sasa analala mchana na kunyanyua miguu kama mtoto mchanga. Novatus aliposikia aliingia ndani, akanikuta niko pale pale.

"Unaona aibu?" nikamuuliza.

Akakaa chini kwenye nyasi. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa karibu yangu tangu Krismasi. Nikamwonyesha pale Editha alipoweka vidole, akaweka kiganja chake. "Kaza," akasema. Nikakaza. "Hamna," akasema, kwa sauti ya mtu anayechungulia mtego. Kuanzia hapo kila jioni alikuja kuweka kiganja, na kila jioni alisema hamna, na mimi nilianza kuingoja hiyo hamna yake.

Liliamka msibani. Jirani alifiwa, nasi wanawake tukaketi uani kumenya ndizi za waombolezaji, miguu tumeinyoosha, visu mkononi, maganda yanarundikana mapajani. Nilikuwa nimejizoeza: kila ndizi ninayomenya, kabla ya kushika nyingine, nakaza. Ndizi, kaza. Ndizi, kaza. Katikati ya rundo nikaona ganda lililokuwa juu ya paja langu limetikisika. Nikadhani ni upepo. Nikakaza tena, likatikisika tena, likaanguka.

Nilipiga kelele ya furaha msibani. Wanawake walinigeukia wote, mmoja akaniuliza kama nimejikata. Nikawaonyesha. Kwanza waliniziba mdomo, halafu mmoja akaja kugusa, na mwingine, na kabla ndizi hazijaisha kila mwenye goti bovu alikuwa anajipima paja lake kwa kanga. Walikuwa wengi. Sikujua kwamba tulikuwa wengi hivyo. Tulikuwa tunasalimiana kila siku kwa magoti yanayouma na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Ningependa kusema mambo yakanyooka. Hayakunyooka. Msimu wa kahawa ulipofika nilijiona mzima, nikabeba debe kutoka chini, na usiku huo goti likavimba likawa la moto. Nikarudi kwenye vidonge, nikarudi kwenye benchi, nikamkuta Spesioza naye amerudi kwa sababu hiyo hiyo. Tulitazamana tu. Editha hakutugombeza. Aliturudisha nyuma, kwenye kanga, kama watoto waliorudishwa darasa. Nilikata tamaa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuandika. Kuna majuma sikufanya chochote. Novatus akiweka kiganja nilimwondoa.

Lakini paja likishaamka haliendi tena mbali sana. Kutoka kwenye kanga nikaenda kwenye kunyanyua mguu ulionyooka. Kutoka hapo nikaenda kwenye kuketi na kuinuka kitini bila kushika kitu, polepole, goti likitazama mbele lisiingie ndani. Halafu ngazi ya mlango, kupanda kwa kushoto, kushuka kwa kushoto, kwa makusudi, kila nilipoingia na kutoka. Tulipopanda maharage niliinama na kuinuka mstari mzima. Jioni niliumwa, ila yalikuwa maumivu ya aliyefanya kazi, na hayo nayajua, ni ya nyumbani.

Senene walipokuja tena, mwaka ulikuwa umezunguka. Asubuhi moja ya ukungu nikasikia pikipiki barabarani, na sauti ya Novatus ikibadilika. Mama mkwe alikuwa amekuja. Hatukumwalika, hakututaarifu. Aliingia na fimbo yake na kifurushi cha senene waliokwisha kunyonyolewa mabawa na miguu, akaketi mahali pale pale alipoketi siku ile. Nikafuta mikono. Novatus alisimama mlangoni, akanitazama mguu.

Nilitembea hadi mbele yake. Nikashuka taratibu, paja la kushoto likiwa limeshika kama nilivyolifundisha, nikalisikia linatetemeka, nikalisikia halikuachia. Goti la kulia likagusa nyasi, la kushoto likagusa nyasi. Lilichoma. Nililiacha lichome.

"Shikamoo, mama."

Alizitazama nyasi chini ya magoti yangu, kulia na kushoto. Halafu akasema, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipoolewa.

Nikainuka. Sikushika kigoda, sikushika ukuta. Nikasimama mbele yake nikihema, machozi yananitoka, na sikuona haya.

"Kaa hapa," akasema. Nikakaa kwenye nyasi karibu na miguu yake. Akainama, akaweka mkono wake mkavu juu ya paja langu, juu kidogo ya goti, upande wa ndani. Sijui nani alimweleza mahali.

"Kaza."

Nikakaza. Akabonyeza, akabonyeza tena, kama mtu anayepima ndizi sokoni.

"Limerudi," akasema. "Wanasema kule msibani lilitupa ganda."

"Ndiyo, mama."

Akamtazama Novatus, na Novatus akaelewa akatoka nje. Ndipo akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya paja lake mwenyewe, juu ya gauni. Chini ya kitambaa hapakuwa na kitu. Ulikuwa mfupa na ngozi, pande zote mbili.

"Langu lililala nikiwa na umri wako," akasema. "Nilimpigia magoti mama mkwe wangu hivyo hivyo mpaka nilipomzika. Nilikuwa nainuka kwa fimbo, nikasema ni fimbo ya heshima." Akaigeuza fimbo mkononi. "Ulipokataa kupiga, nilikuchukia, Koleta. Nilikuchukia kwa sababu mimi sikukataa."

Nilimsaidia kushuka kwenye nyasi, akanyoosha miguu yake, akalalamika kwamba nyasi hazijabadilishwa. Nikavua kanga yangu kiunoni, nikaikunja duara, nikaiweka chini ya goti lake. Nikaweka kiganja.

"Kaza, mama."

Alikaza meno, akakaza shingo, akakaza mpaka mikono ikashika fimbo.

"Kuna kitu?" akauliza.

"Hamna," nikamwambia. "Kesho tutaliita tena."